Kifungu cha Kumi na Nne

Namba yetu ni arobaini na saba.
Juu ya dirisha la karani, ofisi ya ardhi ya Pran Buri,
taa imeganda kwenye thelathini na mbili,
na Zdenka, fundi wa meno bandia, mstaafu, kutoka Maribor,
ananiuliza kwa mara ya tatu
kama kweli mkataba unaisha mwaka 2597.

Unaisha, mama. Hapa tunahesabu tangu Buddha alipotutoka.
Tumekutangulia miaka mia tano arobaini na mitatu
na bado foleni haisogei.

Mimi ni mkalimani, nalipwa kwa ukurasa.
Kurasa kumi na moja, na katika kila moja
nimemwambia jambo lile lile limebadili nguo:
nyumba ni yako, ardhi si yako.
Kuta zako, vigae vyako, bomba na maji yaliyomo,
msumari utakaotundikia picha ya marehemu mumeo.
Ila udongo, kuanzia pale unyayo unapougusa
kushuka hadi kwenye maji ya chumvi,
ni wa mwananchi, na mwananchi ni yule pale,
Bibi Lamduan, aliyevua ndala
na kukunja miguu juu ya kiti cha serikali.

Miaka thelathini. Kwa mkupuo mmoja sheria haitoi zaidi.
Zdenka ana sitini na minne. Lamduan, sabini na mmoja.
Nawaona wakijumlisha kimoyomoyo,
kila mmoja kwa lugha yake,
wakafika mahali pamoja
wakatazama sakafu.

Kifungu cha kumi na nne alikitaka yeye mwenyewe.
Nyuma ya nyumba kuna mfenesi, ameupenda.
Mizizi imo katika ardhi ya mwenye ardhi,
matawi yanaegemea paa la mwenye nyumba.
Je, mafenesi ni ya nani?
Nikatafsiri. Lamduan akacheka hadi akapaliwa.
Mwambie mti ule hajui mtu aliyeupeleka shule.
Mwambie fenesi ni la atakayeamka mapema.
Nami nikamwambia Zdenka:
pande zote mbili zitagawana mazao kwa maelewano.
Ndiyo kazi yangu hiyo,
kuivika tai sentensi iliyokuja pekupeku.

(Wao hawajui: nimepanga chumba juu ya dobi,
kodi kila tarehe tano, mvuke wa pasi ukipenya sakafuni.
Sheria inaniruhusu kununua shamba lolote
kutoka hapa hadi mpaka wa Burma.
Sheria ni karimu mno kwa mfuko mtupu.)

Arobaini na sita.
Karani anagonga mihuri kama mtu anayeua mbu.

Mjukuu wa Lamduan anaitwa Tonkla, yaani mche wa mpunga.
Ana miaka sita, amelala kifudifudi kwenye marumaru baridi
akichora nyumba nyuma ya nakala niliyoikosea.
Ndiye atakayepokea funguo. Nani mwingine?
Atakuwa na thelathini na sita, labda kitambi, labda deni,
atasukuma mlango uliovimba kwa mvua
akute msumari ukutani, mtupu,
na asijue ulibeba sura ya nani.

Zdenka anachuchumaa, magoti yakimlalamikia.
Anagusa dirisha la juu kwenye mchoro,
ananiuliza hiki ni chumba cha nani.
Namuuliza mtoto.

Changu, anasema.
Kisha anamkagua huyu mgeni
kutoka vidole vya miguu hadi mvi,
anafikiri, anauma penseli.
Lakini anza kulala wewe.

Hiyo niliitafsiri neno kwa neno
na sikuilipisha.

Arobaini na saba, karani anaita,
na Lamduan, bila kuinama,
anapapasa kwa mguu chini ya kiti
akitafuta ndala moja.